Taa za Ndani ya Gari Hazikuwaka Baada ya Gereji? Anza Pale Fundi Alipogusa

Gari limetoka gereji, injini iko sawa, lakini ukifungua mlango usiku ndani ni giza. Usikimbilie kununua balbu. Ni nadra balbu kuungua siku ileile gari lilipotengenezwa. Uliza kwanza kilichofunguliwa: mlango, silingi (kitambaa cha dari ya gari), redio, betri au bodi. Mara nyingi hitilafu imekaa papo hapo.

Tazama swichi ya taa yenyewe kabla ya kushika bisibisi. Kwa kawaida ina nafasi tatu: ON, DOOR na OFF. Fundi huisukuma OFF makusudi, maana milango ikishinda wazi betri huisha, kisha husahau kuirudisha. Wengine hung'oa fyuzi kabisa kwa sababu hiyohiyo. Pia yapo magari yanayokata taa hizi yenyewe mlango ukikaa wazi muda mrefu. Funga milango yote, washa gari, kisha ujaribu tena.

Sasa weka swichi kwenye ON. Jibu la hapa linakuokolea nusu ya kazi.

Ikikataa hata kwenye ON, nenda kwenye fyuzi. Katika Toyota nyingi imeandikwa DOME kwenye mfuniko wa kisanduku cha fyuzi, ama chini ya boneti ama chini ya dashibodi. Mara nyingi fyuzi hiyo ndiyo inayolisha saa na kumbukumbu ya redio. Betri ikifunguliwa, saa hupotea mara moja tu. Lakini ikiwa inapotea kila unapozima gari, fyuzi hiyo imekatika au haipo. Rudisha ya ampia zilezile zilizoandikwa: 7.5 ni ya kahawia, 10 nyekundu, 15 bluu. Usiweke kubwa zaidi, wala usifunge kipande cha waya badala yake, kwa sababu kitakachoungua safari hiyo ni waya ulio ndani ya silingi.

Fyuzi mpya ikikatika papo hapo, kuna waya wa moto unaogusa bodi. Chomoa soketi ya taa, halafu ya redio, moja baada ya nyingine, ukijaribu fyuzi kila mara. Aliyefunga redio mpya ndiye wa kushukiwa kwanza, kisha skrubu za silingi na za vizuia jua, ambazo hutoboa waya bila mtu kuona.

Fyuzi ikiwa nzima, toa kifuniko cha taa taratibu na upime kwa multimita (kipima umeme) iliyowekwa kwenye volti 20 za DC. Betri nzima, injini ikiwa imezimwa, husoma takriban volti 12.6, na waya wa moto kwenye taa unapaswa kusoma karibu hivyo. Moto upo lakini taa haiwaki? Angalia balbu na vibanio vyake. Kwa hewa yetu ya chumvi hapa Mombasa, hasa gari linalolala karibu na bahari Nyali au Likoni, vibanio huota kutu ya kijani. Vipanguse kwa msasa laini. Balbu ya LED ikiwa imewekwa kinyume haiwaki, basi igeuze tu.

Ikiwaka kwenye ON lakini si kwenye DOOR, hapo ndipo kazi ya rangi na bodi inapojionyesha. Moto unafika na balbu ni nzima. Kinachokosekana ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye chuma cha bodi, kupitia swichi ya mlango. Magari mengi ya Japani ya zamani kidogo yana swichi ya waya mmoja kwenye nguzo ya mlango, na ethi yake hupita kwenye skrubu inayoishika. Mpiga rangi akipaka juu ya tundu la skrubu, rangi inazuia ethi na taa inazimika, ingawa hakuna kilichoharibika.

Fungua skrubu, vuta swichi nje, na kabla ya kuchomoa waya ufunge kwa uzi: ukiuachia utatumbukia ndani ya nguzo, na kuutafuta ni taabu. Swichi ya taa ikiwa kwenye DOOR, gusisha ncha ya waya kwenye chuma kitupu. Taa ikiwaka, waya ni mzima. Kwangua rangi chini ya skrubu tu, paka grisi kidogo ili chuma kisishike kutu, kaza. Angalia pia kama kitufe cha swichi kimeganda kwa rangi. Hicho hulegea kikifutwa kwa kitambaa chenye tina (kiyeyusha rangi) kidogo, lakini usiimwage tina hiyo juu ya rangi mpya.

Magari mapya zaidi huweka swichi ndani ya kitasa. Hapo tazama taa ya mlango wazi kwenye dashibodi. Ikiwaka ukifungua mlango, swichi inafanya kazi. Isipowaka kwa mlango mmoja tu, na ndio uliobadilishwa kioo, basi soketi haikurudishwa au waya umekatika ndani ya mpira ulio karibu na bawaba. Milango yote ikikataa kwa pamoja, tafuta alama ya kukatwa na kufungwa kwa tepu: mafundi wa alamu hujiunga na waya huu, na kiungo cha kusokotwa kwa mkono hulegea upesi.

Silingi ikilazimika kushushwa, jihadhari na soketi za manjano pembeni mwa paa. Hizo kwa kawaida ni za mifuko ya hewa (airbag). Usizipime kwa tesita wala multimita. Fungua negativu ya betri, ungoje angalau sekunde 90, au mwachie fundi wa waya na umwambie majibu ya ON na DOOR uliyoyapata, asianze upya kwa gharama yako.