Somo: Mtoto mdogo anapokwenda kusafishwa meno, hatua kwa hatua

Watoto wengi ninaowapokea kwenye chumba cha meno huja kwa mara ya kwanza wakiwa wameshika shavu. Usiku hawakulala, mama naye hakulala, na jino limeshafika pa kung'olewa. Mtoto wa miaka minne anayekutana nasi kwa njia hiyo hutuogopa, na ana haki. Somo hili nimeliandika kwa sababu nataka umlete mwanao akiwa mzima, hana maumivu yoyote, kinywa chake kikaguliwe na kusafishwa, arudi nyumbani akicheza. Ushauri wa kitaalamu ni kwamba aletwe jino la kwanza linapotoka, au angalau asipitishe mwaka mmoja. Umechelewa? Mlete hivyo hivyo, hata kama ana mitatu au mitano.

Vifaa hutofautiana kati ya kituo na kituo, lakini mpangilio ni huu huu, iwe hospitali ya wilaya au kliniki binafsi.

Kabla ya kutoka nyumbani

Chagua asubuhi, mtoto akiwa ameshalala vya kutosha. Ale chakula chepesi mapema, si mlangoni mwa kliniki, maana akilia sana tumbo likiwa limejaa anaweza kutapika. Beba kadi yake ya kliniki, mswaki anaoutumia na dawa ya meno mnayoitumia. Kama anatumia dawa yoyote, njoo na kopo lake.

Kazi kubwa zaidi ni ya maneno. Kuna sentensi ambayo nawaomba wazazi muiache kabisa: "Usipopiga mswaki nitakupeleka kwa daktari akung'oe meno." Mtoto aliyelelewa na kitisho hicho akiingia kwetu anajua ameletwa kuadhibiwa. Na ile ya huruma, "usiogope, hutachomwa sindano, haitauma", nayo haisaidii. Mtoto mdogo hushika neno sindano na neno uma, mengine yote yanampita. Mwambie tu kwamba daktari atahesabu meno yake na kuyapiga mswaki. Siku mbili tatu kabla, mcheze nyumbani: alale mapajani mwako, apanue mdomo, umhesabie meno kwa kidole. Kaka na dada zake waliowahi kung'olewa jino waombe wasimsimulie.

Hatua ya 1: Maswali

Tutakuuliza kama mtoto ana ugonjwa wa moyo, selimundu, pumu, mzio, au kama akijikata damu huchelewa kukata. Jibu yote kwa ukweli, hata kama unaona hayahusiani na meno. Fizi zikisafishwa zinaweza kutoa damu kidogo, na kwa mtoto mwenye matatizo fulani ya moyo vijidudu vya kinywani vikipenya humo huweza kumletea madhara makubwa, kwa hiyo huenda akahitaji dawa kwanza. Pumu iliyowahi kumlaza hospitali, na mzio wowote, vitaje kabla hajapakwa kitu.

Hatua ya 2: Kukaa goti kwa goti

Mtoto aliye chini ya miaka mitatu hawekwi peke yake kwenye kile kiti kikubwa. Mzazi na mtaalamu hukaa wakitazamana, magoti yakigusana. Unampakata mwanao akiwa amekuelekea, miguu yake ikizunguka kiuno chako, kisha unamlaza taratibu hadi kichwa chake kifike mapajani kwa mtaalamu. Mikono yake unaishika wewe. Hivyo anauona uso wako muda wote, nami naona kinywa chote, na wewe unaona ninachokiona. Mkubwa kidogo hukaa kitini, au wewe ukalala kitini na yeye akalala juu yako.

Hatua ya 3: Kuhesabu na kukagua

Hapa tunafuata utaratibu wa kusema, kuonyesha, ndipo kutenda. Namwambia: hiki ni kioo kidogo cha kutazamia meno. Namwonyesha, namgusisha ukuchani, akikubali ndipo kinaingia mdomoni. Hakuna kitu kinachoingia kinywani mwake kabla hajakiona. Kituo kikiwa na foleni ndefu hatua hii ndiyo hukimbizwa, nawe una haki ya kuomba kwa upole isikimbizwe.

Tunahesabu meno ya utoto. Yakitimia, kwa kawaida kati ya miaka miwili na nusu na mitatu, huwa 20, kumi juu na kumi chini. Tunaangalia fizi, ulimi, jinsi meno ya juu na ya chini yanavyokutana, kama ananyonya kidole. Tunainua mdomo wa juu na kutazama meno ya mbele pale yanapokutana na fizi, kwa sababu uozo wa watoto wadogo hupenda kuanzia hapo. Mstari mweupe usio na mng'ao sehemu hiyo ni dalili kwamba jino limeanza kupoteza madini. Bado halijatoboka, na bado linaweza kurudishwa. Jifunze kuuona, maana nyumbani unaweza kumwinua mdomo kila mwezi mwenyewe.

Picha ya eksirei kwa mtoto mdogo asiye na tatizo mara nyingi haihitajiki.

Hatua ya 4: Kusafisha

Hii ndiyo mliyoijia, na ni fupi. Kwa mwenye meno machache, mswaki laini au kipande cha kitambaa safi kinatosha kuondoa ukoga. Kwa mkubwa zaidi tunatumia kikombe kidogo cha mpira kinachozunguka, chenye dawa ya kung'arishia, na bomba la kunyonya mate. Kina mlio, kinatekenya, hakikati. Tunakianzia kwenye ukucha wa kidole chake. Kama ukoga umeshaganda na kuwa ugaga, mara nyingi nyuma ya meno ya mbele ya chini, tunaukwangua kwa kifaa cha mkono. Fizi zilizovimba zitatoa damu kidogo, na hukoma mara moja. Sindano haina kazi katika hatua hii.

Hatua ya 5: Vanishi ya floridi

Meno yanakaushwa, halafu yanapakwa kwa brashi ndogo vanishi, yaani dawa nzito yenye floridi, madini yanayosaidia kukinga meno yasioze. Inaganda ikikutana na mate. Meno yanaweza kuonekana ya njano hadi kesho yake, usishtuke. Fuata maelekezo ya aliyempaka. Kwa kawaida ni chakula laini kisicho cha moto siku hiyo, na mswaki kesho asubuhi.

Hatua ya 6: Mazungumzo na mzazi

Kaa usikilize, hata kama bodaboda inasubiri nje. Usafi wa kliniki hufanyika mara moja kwa miezi sita, au mara nyingi zaidi kwa mtoto ambaye meno yake yameshaanza kuoza. Siku zote zilizobaki ni zako.

Mtoto apigiwe mswaki mara mbili kwa siku, na wa usiku usikosekane. Chini ya miaka mitatu weka dawa yenye floridi kiasi cha punje ya mchele, kuanzia mitatu kiasi cha punje ya njegere. Kwenye tyubu tafuta kiwango cha floridi, ambacho kwa kawaida kianzie 1000 ppm. Ateme, lakini asisukutue kwa maji mengi. Umpigie mswaki wewe mpaka afike kama miaka saba. Mkono wa mtoto wa miaka minne haufiki kwenye magego, hata akilia kwamba anajua mwenyewe.

Sasa chupa. Mtoto anayelala na chupa ya maziwa, juisi au uji wenye sukari anabaki na sukari mdomoni usiku kucha, wakati mate yamepungua. Vijidudu huigeuza sukari hiyo kuwa asidi, na meno ya mbele ya juu ndiyo huoga ndani yake. Nimeona meno manne ya mbele yakiisha hadi usawa wa fizi kwa mtoto ambaye hajamaliza hata kuota magego. Inaniuma kila mara, kwa sababu ilikuwa inazuilika. Mpe chupa akiwa macho, mpigie mswaki, ndipo alale. Akiamka na kiu, apewe maji. Pipi, biskuti na soda viende pamoja na mlo. Kinachoumiza zaidi ni kuonja onja mchana kutwa.

MASWALI YA WAZAZI

Mama wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu: Shikamoo dada. Wangu alilia mwanzo mpaka mwisho, nikaona aibu. Je, nimrudishe au nisubiri akue?

Marahaba. Mrudishe kwa tarehe uliyopewa. Katika umri huo kilio ndiyo lugha aliyonayo, na hatukuoni mzazi mbaya. Kinywa kinacholia kiko wazi, tunamaliza kwa dakika chache. Muhimu ni kinachofuata: mbebe, msifie kwa alichofanya, usimwahidi pipi. Kuna wanaokuja na kilio mara ya kwanza, na wakirudi wanapanda kitini wenyewe.

Mama kijana, Morogoro: Mwanangu ana miezi sita, anaharisha na joto linapanda. Mama mkwe ameona vivimbe vyeupe kwenye fizi, anasema ni meno ya plastiki, kuna bibi anayatoa. Naogopa kumbishia.

Mdogo wangu, tafadhali usimpeleke kwa huyo bibi. Vivimbe hivyo ni chonge za utoto ambazo bado ziko chini ya fizi. Kila mtoto anazo, hata ambaye haharishi. Meno ya plastiki hayapo. Wanaoyatoa huchimbua fizi kwa wembe, spoku ya baiskeli au kitu kingine chenye ncha. Watoto wametokwa damu nyingi, wamepata pepopunda na maambukizi ya damu, na wengine wamekufa. Aliyepona huweza kukua bila chonge, au chonge ya ukubwani ikatoka imeharibika, kwa kuwa chipukizi lake liko jirani hapo hapo.

Miezi sita ndio umri wa kuanza uji na kutia kila kitu mdomoni, ndiyo maana kuharisha huja wakati mmoja na vivimbe kuonekana. Mpeleke kituo cha afya leo hii: apimwe malaria, apewe ORS na zinki, uendelee kumnyonyesha. Mama mkwe usimbishie, mwombe mwongozane. Akimsikia mhudumu kwa masikio yake na kumwona mjukuu anapata nafuu, wewe hutabaki peke yako. Uandike hapa mkirudi, nasubiri habari zake.

Baba, Arusha: Sisi tuna maji ya floridi, wakubwa wangu wana meno ya kahawia. Kwa nini tena mdogo apakwe floridi?

Swali zuri, kaka. Ile kahawia hutokea jino likiwa bado linaundwa ndani ya taya, kwa floridi inayomezwa kila siku kwa miaka ya mwanzo. Vanishi ni kiasi kidogo kinachogusa uso wa jino mara chache kwa mwaka. Hata hivyo mwambie mtaalamu mnapoishi na mnakunywa maji gani, ili aamue juu ya vanishi na juu ya dawa ya meno itakayomfaa.

Kwenye maji ndiko pa kupambania. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani (WHO) ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya ukanda wa Bonde la Ufa, kwenu na kwa wenzetu wa Nakuru, huvuka hapo. Kuchemsha hakuondoi floridi, maji yakipungua huzidi kukolea. Mtoto apewe maji ya mvua yaliyovunwa vizuri, au yaliyopita kwenye chujio la mkaa wa mifupa. Punguzeni pia magadi kwenye makande na kiburu, maana magadi ya ukanda huo hubeba floridi nyingi.

Mama, Kigamboni: Mwanangu wa miaka minne ana kitobo kwenye gego. Jirani anasema lisiguswe, si litang'oka lenyewe?

Litang'oka, lakini magego ya utoto hukaa hadi miaka kumi, kumi na mbili. Atakula na jino bovu miaka sita au zaidi, na usaha ukifika mizizini unaweza kuharibu jino linaloundwa chini yake. Kitobo kidogo huzibwa bila mashine: uozo unakwanguliwa kwa vifaa vya mkono, kisha panawekwa saruji ya meno inayotoa floridi. Njia hiyo ilianzia kwetu, Dar es Salaam, katikati ya miaka ya 1980, na WHO ikaitangaza kwa dunia katika Siku ya Afya Duniani mwaka 1994. Ipo pia dawa ya maji yenye madini ya fedha na floridi, ambayo tangu 2021 imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu. Husimamisha uozo bila kukwangua, ila sehemu iliyooza hubaki nyeusi. Uliza kituoni kwako ipi inapatikana.

Baba, Mombasa: Binti yangu ana sita, hakuna jino lililong'oka ila nyuma kabisa kuna jino jipya. Ni la utoto?

Hapana, hilo ni gego la kwanza la ukubwani. Hutoka karibu na miaka sita nyuma ya magego ya utoto, bila jino lolote kulitangulia kung'oka, ndiyo maana wazazi hulidhania la utoto na kuliacha lioze. Likiisha halina badala yake. Lina mifereji mirefu juu, basi mswaki uingie kwa ubavu wa mdomo mpaka ulifikie. Mpeleke akaguliwe, uulize kama mifereji hiyo inaweza kufunikwa kabla haijaanza kuoza. Wakikubali, haichomwi sindano na haichukui muda.