Somo: Breki za diski zikikosa nguvu, safisha kabla ya kununua

Waendesha baiskeli wengi hapa Malindi, breki zikiteleza kwenye miteremko ya Marafa, hukimbilia kununua mpya. Nawasihi msubiri. Mara nyingi ni mafuta yameingia kwenye pedi, vile vipande viwili vinavyoibana diski, au chumvi ya bahari imekula waya.

Kwanza, chomoa pedi uzitazame mwangani. Ikiwa uso unang'aa kama kioo, isugue juu ya msasa laini uliolazwa kwenye ubao hadi mng'aro uishe. Iliyokunywa mafuta itupe, haiponi. Shimano, watengenezaji wa breki, wanataka pedi ibadilishwe ikibaki 0.5 mm.

Pili, futa diski kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kipya. Soma kibandiko cha chupa! Spiriti nyingine za duka la dawa hutiwa mafuta ya mbarika, nayo yatakuharibia kazi yote. Diski usiishike kwa vidole, na dawa ya kupuliza cheni ikae mbali.

Tatu, legeza bolti mbili za kalipa (kile chombo kinachoshikilia pedi), bana breki, kisha zikaze kwa zamu ukiwa bado umebana.

Nne ndiyo wengi huiruka, nami naithamini kuliko zote: kuzoesha pedi. Kwenye barabara tupu, chochea hadi ushike kasi, bana breki moja hadi mwendo wa mtu anayetembea, achia kabla hujasimama. Rudia kama mara 20, kisha ufanye na ya pili. Pedi huacha utando mwembamba juu ya diski, na utando huo ndio unaoshika. Ukisimama kabisa, utando unakaa mabaka na breki inatetema.

MASWALI

Mwanachama, Watamu: Shikamoo fundi. Yangu ni ya waya, ya mtumba. Nikibana, mkono wa breki unagusa usukani.

Jibu: Marahaba. Badilisha waya pamoja na gamba lake, kutu huanzia ndani. Kisha ile pedi isiyotembea isogeze kwa elenki hadi ikaribie kugusa diski.

Mwanachama, Gede: Kaka, Shimano naweza kuitia mafuta ya breki ya gari?

Jibu: Usithubutu, ndugu yangu. Shimano hutumia mafuta ya madini. DOT, yaani mafuta ya breki ya gari, itaharibu mipira ya ndani.

Mwanachama, Malindi: Diski kubwa inasaidia?

Jibu: Sana. Kutoka 160 mm hadi 180 mm utapata nguvu zaidi kwa mbano uleule, na joto hupungua. Hakikisha uma unaoshika gurudumu la mbele unaruhusu, na ununue adapta ya kalipa. Pesa ikitosha moja tu, weka ya mbele.