Bagamoyo kwa Mtu wa Lubumbashi: Namna ya Kuutembelea Mji Ambako Njia Yetu Iliishia

Watu wengi wa Lubumbashi wanaofika Dar es Salaam hupelekwa huko na mzigo. Kuna gari lililoshushwa bandarini, au kontena la vipuri, na karatasi za forodha ambazo hazijakamilika. Katika siku hizo za kungoja, wengi hujifungia hotelini Kariakoo wakihesabu pesa zinazopungua, ilhali umbali wa kilomita zipatazo 70 kuelekea kaskazini upo mji wa kale wa pwani unaotuhusu sisi wa Katanga kuliko tunavyodhani. Mwongozo huu unamlenga msafiri wa namna hiyo, mwenye siku mbili tupu mkononi na asiyetaka kuzipoteza.

Ushauri wangu mkuu ni kwamba usianzie Bagamoyo ufukweni, kama afanyavyo mtalii aliyetoka uwanja wa ndege. Anzia upande wa bara, mahali ilipoishia njia ya misafara, kwa maana huko ndiko watu wa kwetu walikofikia, wengine wakiwa wapagazi wenye ujira na wengine wakiwa watumwa.

Kabla ya kuondoka Lubumbashi, ulizia masharti ya viza kama yalivyo mwezi huo, na uweke cheti cha chanjo ya homa ya manjano pamoja na pasipoti, wala si chini ya nguo. Faranga zetu hazitakusaidia pwani. Beba dola safi zisizochanika, uzibadilishe kuwa shilingi ukiwa bado Dar es Salaam. Sogeza saa yako mbele kwa saa moja. Ikiwa unaweza kuchagua majira, nenda kati ya Juni na Septemba, kwa sababu mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, hugeuza vichochoro vya mji wa zamani kuwa madimbwi. Hata katika miezi hiyo ya nafuu, sisi tuliozoea ubaridi wa asubuhi za Juni kule kwetu juu tutalowa jasho kabla ya saa tatu. Daladala za Bagamoyo huondokea kituo cha Makumbusho na kupitia Tegeta na Bunju. Ukifika, utazunguka kwa bajaji au kwa pikipiki za abiria, ambazo huko huitwa bodaboda. Patana bei kabla ya kupanda. Lala Bagamoyo usiku mmoja, ikiwezekana miwili, kwa kuwa anayekwenda na kurudi siku hiyo hiyo huona kuta tu.

Siku ya kwanza, nenda Caravanserai, jengo la misafara lenye ua ndani yake na maonyesho madogo kuhusu biashara ya karne ya kumi na tisa. Vitu vilivyomo si vingi, na mtu mwenye haraka huvimaliza kwa dakika kumi, lakini wewe usiwe na haraka. Simama uani ufikirie kilichopita hapo: pembe za ndovu kutoka Manyema, shaba, nguo na shanga zilizokuwa zikielekea bara, na pamoja nazo lugha hii unayoisoma. Njia hiyo ilipita Tabora na kufika Ujiji, kisha ikavuka Ziwa Tanganyika. Msiri, aliyeusimika utawala wa Wayeke kule Bunkeya, alitoka Unyamwezi, nchi ambayo njia hiyo ilipita katikati yake. Na mwaka 1891, msafara wa Kapteni Stairs uliotumwa kuitwaa Katanga kwa niaba ya Mfalme Leopold II ulianza safari yake ya miguu hapa hapa Bagamoyo. Mwezi Desemba wa mwaka huo Msiri alipigwa risasi na kufa. Sikumbuki kulisoma jambo hilo kwenye kibao chochote mjini, kwa hiyo nenda nalo kichwani.

Kuhusu jina la mji utasikia maelezo mawili. Wapo wasemao kwamba ni wapagazi waliofurahi kubwaga mioyo na mizigo baada ya miezi ya kutembea, na wapo wasemao kwamba ni kilio cha mtumwa aliyeiacha nyuma mioyo ya nyumbani kabla ya kupandishwa chomboni. Usimlazimishe mwenyeji achague. Njia ilikuwa moja, na waliopita juu yake hawakupita kwa hali moja.

Kutoka hapo nenda Misheni ya Wakatoliki, na uitengee mchana mzima. Mapadri wa Roho Mtakatifu waliianzisha mwaka 1868, na hapo pakajengwa kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Makumbusho yake ndiyo bora kuliko yote mjini, yenye picha, minyororo na maelezo ya kutosha. Nje utaonyeshwa mbuyu mkubwa wenye kipande cha mnyororo uliomezwa na gome. Inasemekana ulikuwa wa kumfungia punda, si mtumwa, na mwongozaji mwaminifu atakuambia hivyo.

Karibu yake umesalia mnara wa kanisa la kwanza. Humo ndimo mwili wa David Livingstone ulimowekwa mwezi Februari 1874. Alikuwa amefariki Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia, upande wa pili wa mpaka wetu, si mbali na Ziwa Bangweulu. Watumishi wake, Chuma, Susi na wenzao, waliuzika moyo wake huko huko chini ya mti, wakaukausha mwili, wakaufunga kama mzigo wa kawaida na kuubeba kwa muda wa miezi tisa hivi mpaka baharini. Mtu wa Lubumbashi ambaye amesafiri kwa basi kupitia Kasumbalesa na Tunduma, akalalamikia siku zake chache barabarani (nami nimo), ataitazama safari hiyo ya miguu kwa namna nyingine.

Asubuhi ya pili ni ya mji mkongwe wenyewe. Nyumba zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na nyingi zinabomoka taratibu. Zitazame milango yake ya mbao iliyochongwa, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa mahali watu wanapokaa barazani. Ngome Kongwe ilianza mwaka 1860 kama makazi ya mfanyabiashara, kisha ikatumika na watawala waliofuata. Waongozaji wengine humo husimulia mengi kuliko kuta zinavyoweza kuthibitisha. Chukua anayetambuliwa na ofisi ya Mambo ya Kale, lipa ada ofisini na udai stakabadhi.

Majengo ya Wajerumani sikuyapa muda mwingi. Bagamoyo ilikuwa makao yao makuu kwa muda mfupi, hadi walipohamia Dar es Salaam mwaka 1891. Pita tu kwenye makaburi yao yaliyo karibu na bahari, kisha uulize walinyongewa wapi Waafrika na Waarabu waliowapinga katika vita vya Abushiri vya 1888 na 1889. Vituo hivyo viwili vitazamwe pamoja, ama visitazamwe kabisa.

Alasiri, jua likianza kulegea, panda bajaji hadi Kaole, kilomita chache kusini. Hapa tunaiacha karne ya misafara na kurudi nyuma sana, kwenye mji wa Waislamu ulioanza karne ya kumi na tatu. Imebaki misikiti miwili ya mawe na makaburi, mengine yakiwa na nguzo ndefu ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za Kichina. Mikoko iliziba bandari yake, na watu wakasogea Bagamoyo. Vaa nguo za heshima na usipande juu ya kaburi lolote, kwa sababu pahali hapo hapajafa: kaburi la Sharifa bado huendewa na watu wenye dua zao.

Ufukwe nimeuacha mwisho kwa makusudi. Nenda kwenye soko la samaki mapema, vyombo vinaporudi na mnada unapoanza, ukae kando bila kuwazuia wanaofanya kazi. Sisi ambao samaki wa baharini tunayemjua ni thomson wa barafu tutashangaa rangi zake tu. Nunua pweza au samaki wa kukaanga kwa mihogo. Ukitaka bukari, sema ugali, na sombe iitwe kisamvu, la sivyo muuzaji atakutazama kama mgeni kutoka mbali, jambo ambalo pia ni kweli.

Uliza saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kuoga. Mimi niliviacha viatu vyangu mchangani asubuhi, maji yakiwa yamekwenda mbali hata mtu angeweza kucheza mpira pale, nikaenda kutazama mafundi wakitengeneza jahazi, na niliporudi bahari ilikuwa imekwisha kuvichukua. Kandambili huuzwa karibu na stendi, na kutoka hapo hapo utapata gari la kurudi Dar es Salaam. Ondoka kabla ya saa tisa alasiri, kwa sababu foleni ya Tegeta jioni huweza kukulia muda kuliko safari yote.