Unataka kuzunguka miji ya zamani Japani ukitokea Mtwara au Lindi? Fanya hivi

Wadau wa Kusini, wengi mnaoniuliza habari za Japani akili yenu ipo Tokyo na zile treni za mwendokasi, sawa, lakini kama umeshajichanga nauli yote hiyo basi tenga siku tatu nne uende milimani kwenye miji yao ya zamani, na ulale hukohuko. Watalii wanajaa mchana, jioni wanapanda mabasi wanaondoka, hapo mji unabaki na wenyewe wake na ndo unauona vizuri.

Kwanza viza. Mtanzania lazima aombe, ubalozi wao upo Dar, kwa hiyo nauli ya kupanda Dar iweke kwenye bajeti mapema. Ndege ya moja kwa moja hamna, unaunganisha Doha, Dubai au Addis Ababa. Na kama unategemea hela ya korosho, ikiingia mwisho wa mwaka usikimbilie kwenda Januari, kule milimani ni theluji tupu na sisi damu yetu ya pwani. Subiri Aprili, au Oktoba mwishoni mpaka Novemba majani yakigeuka mekundu, na koti ubebe tu.

Mi nashauri uanze na Magome na Tsumago. Kutoka Nagoya panda treni inaitwa Shinano mpaka Nakatsugawa, kama dakika 50, halafu basi la Magome karibu nusu saa. Kuanzia hapo unatembea kwa miguu mpaka Tsumago, kilomita 8 hivi, kama masaa matatu usipokimbizana na mtu, na hiyo njia ni kipande cha Nakasendo, barabara ya kale ya kutoka Kyoto mpaka Edo (ndo Tokyo ya leo) iliyokuwa na vituo 69 vya wasafiri, miji hii miwili ikiwemo. Anzia Magome, maana kilima chake ni kifupi, baada ya hapo unateremka tu. Utakuta kengele zimefungwa njiani, zipige kwa nguvu, ni za kuwashtua dubu. Katikati kuna nyumba ya zamani wenyeji wanakupa chai bure, usiipite. Begi kubwa unaweza kuliacha ofisi ya watalii asubuhi, unalipia kidogo unalikuta upande wa pili, ila huduma hiyo ni ya msimu, ulizia kabla.

Tsumago ndo imenigusa zaidi. Mwaka 1971 wakazi walikubaliana nyumba za mji haziuzwi, hazipangishwi, hazibomolewi, wakaficha nyaya za umeme, na mchana gari haziruhusiwi mtaa mkuu. Ukiwaza majumba yetu ya mawe Mikindani yanavyodondoka moja moja, kwa kweli unatamani watu wetu wapelekwe wakaone.

Kulala tafuta ryokan au minshuku, ni nyumba za wageni za kienyeji. Viatu unavua mlangoni, na kwenye tatami (mikeka minene ya sakafuni) hata ndala huingii nazo. Chakula cha jioni kinawahi, saa kumi na mbili hivi mezani, kwa hiyo fika kabla ya saa kumi na moja. Waislamu sikilizeni hapa: waambie siku unapobuki chumba kwamba huli nguruwe wala kitu chenye pombe, maana mirin na sake, pombe zao za mchele, wanaweka kwenye michuzi mpaka supu ya tambi, ukisema umeshakaa mezani utaishia wali mtupu. Bafu la pamoja unajisugua kwanza pembeni ndo unaingia majini, na wanaingia bila nguo, wanaume kwao wanawake kwao, ukiona aibu ulizia la faragha.

Ukibakiwa na siku, nenda Takayama, mji mwingine wa zamani, kisha basi la dakika 50 mpaka kijiji cha Shirakawa-go, kipo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1995. Nyumba zake zina paa za nyasi nene, zenye mteremko mkali ili theluji iteleze, na zikichakaa majirani wanaitana kuezeka kama sisi na makuti. Sigara usivute ovyo, moto mmoja unamaliza kijiji, na usichungulie madirishani, watu wanaishi mle.

Hela taslimu toa kwenye ATM ya posta au 7-Eleven kabla hujapanda milimani, maduka mengi madogo hayapokei kadi. Na ratiba ya basi la mwisho ipige picha asubuhi, likikuacha teksi ni ghali mno.