Kubadilisha pile za kamera ya filimu: tazama volti kabla ya ukubwa

Kabla ya kwenda soko la Nyawera, hapa Bukavu, kutafuta pile (betri), geuza kamera na utazame chini yake. Kwenye nyingi utaona kifuniko cha duara chenye mfuo katikati. Mfuo huo ulitengenezwa ufunguliwe kwa sarafu. Kongo tunatumia noti tu, lakini sarafu ya Rwanda iliyobaki mfukoni baada ya kuvuka mpaka wa Ruzizi inafaa kabisa. Bisibisi huteleza na kukwaruza. Kifuniko kikikataa, weka juu yake kipande cha chubu ya baiskeli, kandamiza kwa kiganja, zungusha kinyume cha saa. Canon AE-1 ina kilango cha plastiki upande wa mbele. Kifungue taratibu kwa kitu chembamba cha plastiki, maana kishikio chake huvunjika upesi. Filimu ikiwa ndani haidhuriki, mradi usifungue mgongo wa kamera.

Sasa volti. Pentax K1000 inatumia LR44 moja (betri ndogo ya kifungo, ya alkalini), Nikon FM mbili. Fundi wa saa anaweza kuziuza kwa jina la AG13. Ni kitu kilekile. Ukipata SR44, ya ukubwa uleule, ichukue hiyo, hata kama bei iko juu. Ina volti 1.55 na hukaa hapo karibu mpaka mwisho, wakati LR44 hushuka polepole na kipimo cha mwanga hushuka nayo. Canon AE-1 inataka betri moja ya volti 6, 4LR44 au 4SR44, na isipokuwa nayo haipigi picha hata moja. K1000 na FM hupiga bila betri. Kinachokufa ni kipimo tu.

Penye matatizo ni Olympus OM-1, Minolta SR-T 101, Canonet QL17 GIII na wenzao. Ziliundwa kwa PX625 ya zebaki, volti 1.35, ambayo haitengenezwi tena. Dukani utapewa PX625A: ukubwa uleule, lakini ndani ni alkalini ya volti 1.5. Inaingia vizuri, sindano ya kipimo inacheza, na mtu anaamini kazi imekwisha. Kumbe kwa volti hizo za ziada kamera inadhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo. Inakuambia ufunge lenzi zaidi, na negativu zinatoka nyepesi, sehemu za kivuli tupu. Ukiwa huna nyingine, ukitumia filimu ya ISO 400 (namba ya wepesi wake kwa mwanga), weka kitufe cha ISO cha kamera kwenye 200. Hiyo inasaidia, haiponyi, kwa sababu kosa halilingani kwenye mwanga mkali na mwanga hafifu.

Dawa nzuri ni betri ya kifaa cha masikio namba 675, yenye kibandiko cha buluu. Inatoa takriban volti 1.4 na haiyumbi. Bandua kibandiko, iache ipumue dakika tano, kisha iweke. Ina upana wa milimita 11.6 na shimo ni kama 16, kwa hiyo izungushie mpira ili ikae katikati, bila kuziba vitundu vyake vya hewa. Isipogusa chini, kunja kipande kidogo cha karatasi ya alumini upande wa hasi. Kiwe kidogo kweli: kikigusa hasi na chanya pamoja, betri inakufa. Ikishafunguliwa, hudumu miezi michache hata usipoitumia.

Ukikuta unga mweupe au kijani ndani, betri ya zamani ilivuja. Usiukwangue. Chovya pamba ya masikio kwenye siki au maji ya ndimu, kamua mpaka isidondoke, sugua, halafu pitisha pamba nyingine yenye alkoholi na uache ikauke kabisa. Malizia kwa kifutio cha penseli mpaka chuma king'ae, kwenye uzi wa kifuniko pia, maana umeme hupita hapo. Kipimo kikibaki kimelala, shuku waya unaotoka kwenye kasha la betri: kutu huupanda kwa ndani, na hapo ni kazi ya fundi mwenye solda.

Betri iliyokaa dukani miaka huonekana mpya. Mwombe muuzaji multimeta, kifaa cha kupima volti: SR44 au LR44 iliyo chini ya volti 1.4, mrudishie. Fuata alama ya + iliyo kwenye kasha. Kwenye K1000 hakuna swichi ya kuzima kipimo, basi kila ukimaliza funika lenzi, la sivyo mwanga wa chumba unaimaliza betri.

PX625 ya zamani usiitupe ziwani wala kuichoma na takataka, ina zebaki. Itie kwenye chupa yenye kifuniko, mbali na watoto. Na betri yoyote ya kifungo ikimezwa na mtoto, mkimbize hospitali saa ileile, kwa maana huunguza koo kwa muda mfupi.