Somo: Kung'oa tairodi endi iliyoganda

Magari ya Mtwara yanakula chumvi. Ukilala Shangani au ukipita Mikindani kila siku, chini ya gari lako kuna kutu ambayo mtu wa Masasi haijui. Tairodi endi, zile jointi za ncha ya fimbo ya stelingi upande wa tairi, zinaganda, na vijana wanazipiga kwa hasira juu ya bolti mpaka ncha inapanuka, nati haitoki tena.

Legeza nati za tairi gari likiwa chini, ndipo upige jeki na kuweka stendi. Kwenye mchanga tanguliza ubao mpana. Stendi huzama taratibu. Sugua nyuzi kwa brashi ya waya, pulizia mafuta ya kulegeza kutu, subiri nusu saa. Toa kotapini, ile pini inayozuia nati isilegee. Legeza nati hadi ilingane na ncha ya bolti, uiache hapo: inalinda nyuzi na kuzuia tairodi isikudondokee.

Hapa ndipo penye kazi. Shina la tairodi, yaani ile bolti, linapungua unene kuelekea ncha, limebanana na tundu chuma kwa chuma. Usiligonge shina. Gonga ubavu wa tundu, kwenye mkono wa stelingi: egemeza nyundo nzito upande mmoja, piga upande wa pili pigo fupi, kavu. Mara nne, tano, mlio unabadilika, shina linaruka. Ukiwa na pula, kifaa cha kuvutia jointi, ikaze kwanza kisha gonga ubavu uleule. Uma wa kupigilia katikati ya jointi na mkono unachana mpira wa jointi, kwa hiyo ni wa jointi unayoitupa tu.

Unapoifungua kwenye raki endi, ile fimbo ya ndani ya stelingi, hesabu mizunguko na uiandike. Alaimenti, yaani kunyoosha matairi, bado ni lazima.

Maswali

*Shikamoo fundi. Niko Lindi, nati inazunguka na shina.*
Marahaba. Weka jeki ndogo chini ya jointi, inyanyue mpaka shina libane, ndipo ufungue.

*Fundi, nichome kwa gesi?*
Hapana, kaka. Grisi na mpira vinashika moto, paipu ya breki iko jirani, na mkono uliochomwa hupoteza ugumu wake.

*Na bol jointi ya chini, ile inayoshika mkono wa chini wa tairi?*
Pigo ni lilelile, ila kwa gari ambalo springi inasukuma mkono wa chini, jeki ikae chini ya mkono huo mwanzo hadi mwisho. Ikiachia bila jeki, inavunja mguu.

*Wakati wa kufunga, tundu la kotapini halilingani. Nirudishe nati nyuma?*
Usirudishe. Kaza mbele kidogo mpaka lilingane, na kotapini iwe mpya.