Ielewe pedali ya distoshoni kwa kuifuata sauti

Pedali ya distoshoni ni kifaa cha kukanyagwa kinachoikwaruza makusudi sauti ya gitaa ya umeme. Mchoro wa saketi yake peke yake hukinaisha haraka. Kinachofundisha ni kuisikiliza sauti ikibadilika kutoka sehemu moja hadi nyingine. Tutatumia saketi ya MXR Distortion+, pedali ya Marekani ya miaka ya 1970: aisii (chipu ya kukuza sauti) moja ya 741, dayodi mbili (hupitisha umeme upande mmoja tu), rezista na kapasita chache, betri ya volti 9. Ipange kwenye bredibodi, yaani ubao wa matundu wa kuchomekea vipande, kulehemu baadaye.

Hatua ya 1: Tengeneza kichunguzi. Chukua kebo ya gitaa iliyochomekwa kwenye ampu (kikuza sauti cha gitaa). Upande wa pili, unganisha waya wa nje na negativu ya saketi, kisha ungia kapasita ya nanofaradi 100 kwenye waya wa kati. Mguu wake ulio huru ndio utakaogusia. Kapasita huzuia umeme wa betri na kupitisha sauti. Punguza ampu kwanza, na kichunguzi hiki kisiingie kamwe ndani ya kifaa cha umeme wa ukutani. Ampu za valvu zinaua.

Hatua ya 2: Kwa mita ya volti, pima mguu wa 6 wa aisii, ambapo sauti hutokea. Upate karibu volti 4.5. Wimbi la gitaa hupanda na kushuka, na betri haina kitu chini ya sifuri, kwa hiyo rezista mbili zinazolingana huliweka wimbi katikati. Usipime mguu wa 3, ambapo sauti huingia: unalishwa na rezista kubwa sana, na mita yenyewe itaishusha volti ikudanganye. Wengi hutupa aisii isiyo na ubovu hapa.

Hatua ya 3: Ukuzaji. Kati ya mguu wa 6 na wa 2 kuna rezista ya megaomu 1. Kutoka mguu wa 2 kwenda negativu kuna kiloomu 4.7, potenshiometa (rezista ya kuzungusha) ya kiloomu 500 na kapasita ya nanofaradi 47. Gawanya megaomu 1 kwa jumla ya kiloomu 4.7 na potenshiometa, ongeza 1. Potenshiometa ikiwa sifuri, sauti hukuzwa kama mara 214. Ikiwa mwisho, mara 3 tu. Kwenye ukuzaji mkubwa, kapasita ile hupunguza nguvu ya sauti zilizo chini ya hezi 720 hivi. Uzi mnene wa E uko hezi 82, ndiyo maana besi haivurugiki.

Hatua ya 4: Dayodi, na hapa usiwe na haraka. Baada ya mguu wa 6 kuna kapasita, rezista ya kiloomu 10, halafu dayodi mbili zinazoelekea pande tofauti kwenda negativu. Piga uzi mmoja, gusa kabla ya rezista, kisha baada yake. Sauti inapungua na kuwa kama imebanwa: dayodi za silikoni hufunguka karibu volti 0.6 na kukata vilele vya wimbi. Za jermaniamu, zilizo kwenye pedali halisi, hufunguka mapema zaidi, karibu 0.3, na ukataji wake ni wa taratibu. Chomoa zote mbili: sauti inaruka juu, na mkwaruzo unaobaki ni wa aisii yenyewe iliyofika kikomo cha betri. Rudisha moja tu, usikilize wimbi likikatwa upande mmoja. Kisha jaribu LED mbili nyekundu badala ya dayodi hizo.